Pampu Isiyosikika

Jumamosi asubuhi, uji wa mchele ukiwa bado unatoa mvuke, Hoi-yan aliweka kijiko mezani akasema lile ambalo mama mkwe wake alikuwa ameliona likija tangu Jumatano.

"Mama, leo hii pampu inatoka, la sivyo natoka mimi."

Bi Lai-kuen aliligeukia tangi lake la samaki. Lilikaa pale pale lilipokaa siku zote, kati ya runinga na ukuta wa chumba cha mtoto, na ndani yake samaki wanane wekundu na mmoja mweusi wa kumeza mikosi. Pampu yake aliinunua Mwaka Mpya wa mwaka juzi, yenye nguvu mara mbili na nusu kuliko tangi lilivyohitaji, kwa sababu maji yakizunguka kwa nguvu, pesa nayo huzunguka kwa nguvu. Ndivyo jengo zima lilivyoamini, na ndiyo maana jengo zima lilikuwa na samaki wenye kizunguzungu. Pesa haikuja. Ulikuja mngurumo, ukapenya ukuta mwembamba kama kadibodi mpaka kwenye kitanda cha Kiazi, mjukuu wa miezi mitatu na nusu, ambaye jina lake halisi lilikuwa zuri sana na halikutumiwa na mtu.

"Hata mimi inanikera," alisema Bi Lai-kuen. "Makelele haya ndiyo yananifanya nisisikie mkiniita."

Ulikuwa uongo mtupu. Bi Lai-kuen hakuwahi kuisikia pampu ile hata siku moja. Miaka kumi na tisa ya kiwanda cha nyuzi kule Tsuen Wan ilimmaliza masikio akiwa hata mtoto hajazaa. Humo kiwandani hakuna aliyesikia chochote. Wanawake walisomana midomo, wakasengenya, wakachumbiwa na kuagana bila sauti. Alisoma midomo vizuri mno, hata mwanawe Chun-kit alikua akidhani mama yake ni mtu wa maringo tu, asiyependa kuitwa kwa nyuma. Marehemu mumewe peke yake ndiye aliyejua, naye alikuwa ameondoka na siri hiyo.

Na siri hiyo sasa ilikuwa na uzito wake. Jumatatu Hoi-yan anarudi kazini benki. Kiazi atabaki na nani? Watu walikuwa wawili: Bi Lai-kuen, na Bi Fung wa Sha Tin, mama mzazi wa Hoi-yan, mwanamke mwenye masikio ya kusikia jirani akifungua pochi. Hoi-yan alikuwa hajasema neno, lakini Bi Lai-kuen alijua anapimwa. Alimtaka mtoto yule kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aache kazi. Wakijua ukweli, je? Nani humwachia kiziwi mtoto mchanga? Ndiyo maana pampu ile mbovu alikuwa akiipenda kimoyomoyo. Kila neno lililompita, lawama aliitupia hiyo.

"Nitaagiza nyingine kwenye simu," Chun-kit alisema huku ametia uji mdomoni, tayari amevaa sare ya kazi.

"Pampu hainunuliwi kwa picha," mama yake akamkatiza. "Fundi lifti mzima, unanunua mota hujaishika? Aibu huna."

"Basi tutaenda mimi na wewe, Mama," alisema Hoi-yan. "Nataka nisikie mwenyewe."

Bi Lai-kuen alikunja kitambaa cha meza mara moja zaidi ya ilivyohitajika. "Twende," akasema.

Mtaa wa samaki wa Mong Kok siku ya Jumamosi ni msongamano wa watu na mifuko ya plastiki iliyojaa maji na samaki, imening'inizwa mlangoni kwa kila duka. Duka la Mok lilikuwa la tano kutoka kona. Mok mwenyewe, mtu mnene mwenye aproni ya mpira, alikuwa amekaa juu ya kreti akila kwa vijiti wali na nyama ya bata bukini kutoka kwenye boksi.

"Shangazi! Umekuja kuongeza samaki?"

"Nimekuja kukushtaki. Pampu uliyoniuzia inanguruma, mjukuu wangu halali."

"Mimi huyo?" Mok alimgeukia Hoi-yan, naye Kiazi akiwa kifuani mwake amelala. "Dada, uwe shahidi. Nilimwambia huyu, tangi lako la lita mia na ishirini, chukua pampu ya lita mia sita kwa saa, maji yapite kwenye chujio mara tano, inatosha. Akasema namzibia riziki. Akabeba ya elfu moja na mia tano. Kuna samaki gani anayeishi kwenye mashine ya kufulia?"

"Ungeninyima."

"Nikunyime wewe? Nani anaweza?"

Hoi-yan alicheka, ikawa mara ya kwanza kwa wiki ile. Bi Lai-kuen naye akatabasamu, maana alikuwa amemweka Mok mahali pa mwanga na kila neno alilipata.

Mok alileta mbili. Ya kwanza ilikuwa na namba themanini na nane kwa rangi ya dhahabu. Nane ni namba ya pesa, alisema, na hiyo huondoka kama mkate wa moto. Ya pili aliitoa rafu ya chini kabisa na kuipuliza vumbi. Ilikuwa namba arobaini na nne.

"Hii nakuonyesha tu," alisema. "Miaka miwili iko hapa, hakuna anayetaka namba hiyo nyumbani kwake. Nne kwetu hutamkwa kama kifo; hata lifti zetu hazina ghorofa ya nne."

"Zinakula umeme kiasi gani?"

"Ya dhahabu wati kumi na mbili. Hii wati saba. Ile yako ya zamani thelathini na tano, usiku na mchana, mwaka mzima. Shangazi, ulikuwa unamlipia umeme jirani."

"Zifungue."

"Nizifungue?"

"Wewe nguo unanunua bila kuigeuza ndani?"

Mok alifuta mikono akazifungua. Bi Lai-kuen alitoa sumaku ya kila moja pamoja na panga zake ndogo, akapitisha ukucha kwenye mhimili. Wa namba ya dhahabu ulikuwa chuma. Wa ile ya vumbi ulikuwa kauri, mweupe, laini kama kikombe cha chai.

"Chuma hiki kitaliwa na maji," alimwambia Hoi-yan. "Mwaka wa kwanza kinanyamaza, wa pili kinalalamika, wa tatu kinapiga mayowe. Kauri haina habari na maji." Akabonyeza miguu ya mpira chini ya kila pampu, akaivuta kuona kama inatoka. "Sasa ziwashe."

Mok alijaza ndoo mbili, akazitumbukiza, akachomeka waya. Hoi-yan aliinama juu ya ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Nyuma yake lori la barafu lilikuwa linarudi nyuma, muuzaji wa jirani akiita wateja kwa kipaza sauti, na viyoyozi vya jengo zima vikidondosha maji na kuvuma.

"Sisikii kitu. Hakuna anayeweza kusikia kitu hapa."

"Ndiyo maana naziuza hapa," Mok alisema, akacheka peke yake.

Bi Lai-kuen alinyoosha mkono akamchomoa Mok kijiti kimoja cha kulia wali, akakifuta kwenye mkono wa blauzi yake. Ncha moja aliigusisha kwenye mwili wa pampu, ncha nyingine akaiuma kwa meno. Akafumba macho.

Hivyo ndivyo walivyozipima mashine za kusokota kule kiwandani, ambako masikio hayakuwa na kazi. Ilimjia upesi kuliko alivyotegemea. Pampu ya dhahabu ilimtekenya jino la nyuma: mtikisiko mdogo, wa kujirudia, wa kitu kisichokaa sawasawa mahali pake. Usingeamsha mtoto. Ila kwenye sebule tulivu, mtu angeusikia.

Akafungua macho. Hapo wazo baya likamjia, na lilikuwa tamu. Ainunue hiyo. Kiazi atalala, Hoi-yan ataridhika, na yeye atabaki na kisingizio chake: samahani mwanangu, ile pampu. Nani atajua? Alimtazama mtoto pale kifuani, mdomo wazi, mate yakimtoka. Alimtaka mno.

Akahamishia kijiti kwenye ile ya pili. Maji yalikuwa yanazunguka ndoo nzima, na jino halikupata kitu. Hakuna. Alibadilisha upande, akauma tena. Mashine zilizokaa sawa hivyo alizikuta mbili au tatu tu katika miaka kumi na tisa, na msimamizi alipomuuliza ipi ipite na ipi irudi kwa fundi, hakuwahi kudanganya, hata siku ambayo mashine mbovu ilikuwa ya rafiki yake. Ataanza leo, kwa pampu ya samaki?

"Hii," alisema.

"Shangazi! Nyumba ina mtoto mchanga, unaingiza namba hiyo?"

Bi Lai-kuen alikwangua kibandiko kwa ukucha mpaka kikatoka chote, akambandikia Mok kwenye aproni. "Sasa namba unayo wewe."

Nyumbani, Chun-kit akiwa kazini bado, Hoi-yan alimlaza mtoto chumbani, naye Bi Lai-kuen akakunja mikono ya blauzi. Aliitoa pampu kubwa, akaifunga mpya mahali pake na kuuelekeza mdomo wa maji ndani ya nyumba, si mlangoni, pesa isije ikatoka nje, maana kuna mambo hayachezewi. Akachomeka waya. Samaki walisimama majini wakashangaa. Kisha, mmoja mmoja, wakaanza kuogelea wanakotaka wao. Alisimama akiwatazama, moyo wake mkunjufu kabisa.

Mkono ukamgusa begani. Alipogeuka, Hoi-yan alikuwa karibu sana, na uso wake haukuwa wa furaha.

"Nimekuita mara tatu, Mama."

"Ah, ile pam—"

Hoi-yan alitazama tangi, akamtazama yeye. "Nimeweka sikio ukutani kule chumbani. Haisikiki. Hata kidogo." Akainyooshea kidole pampu kubwa iliyolala sakafuni. "Na ile ya zamani hukuwa unaisikia. Kile kijiti… Mama, tangu lini?"

Angeweza kubuni jambo; hakuwa mtu wa kukosa maneno. Lakini alikuwa ametoka kufanya kazi safi na hakutaka kuichafua.

"Kabla mumeo hajazaliwa," alisema. "Sisikii. Najua unachofikiria. Unamfikiria mama yako wa Sha Tin."

Hoi-yan hakukataa. "Kiazi akilia na wewe uko jikoni?"

"Atakuwa jikoni na mimi. Mlete."

"Amelala."

"Mlete, mwanangu."

Alipoletwa, Bi Lai-kuen alimpandisha mgongoni, akamfunga kwa mbeleko nyekundu ya kitambaa cha maua, akakaza fundo kifuani na kugeukia ukuta.

"Simama nyuma, umtazame yeye. Mimi nitakwambia." Akatulia. "Ameamka. Anakunja mguu wa kushoto. Sasa anatafuta kidole chake… amekipata. Kwikwi. Moja. Nyingine." Kisha akaanza kuyumba taratibu, akijipigapiga mapaja. "Huyu anataka kulia."

"Hajalia."

"Kilio kinaanzia tumboni, na tumbo lake liko kwangu."

Nyuma yake Kiazi alikuwa amekunja uso na kufungua mdomo. Akayumbishwa, akaufunga, akalala shavu kwenye bega la bibi yake. Bi Lai-kuen hakugeuka.

"Mumeo alikaa hapa mgongoni miaka miwili, na masikio yangu yalikuwa yameshakufa. Hakuna siku alilia akakosa mtu. Umeona ana kasoro yoyote?"

Alingoja jibu, na kwa kuwa alikuwa ameelekea ukuta hakujua kama limetolewa. Kisha Hoi-yan akazunguka, akaja kusimama mbele yake, uso kwa uso, akafuta macho na kusogeza nywele zilizoficha mdomo.

"Ana kasoro nyingi, Mama," alisema polepole, kila neno wazi. "Jumatatu natoka saa moja na nusu. Maziwa yatakuwa kwenye friji, rafu ya juu."