Dakika Nne za Papa Crispin

Asubuhi ile programu yetu ya kuhariri video ilipobadilika, nilitamani kumpiga mtu. Sikuwa na wa kumpiga, maana aliyebonyeza "ndiyo" alikuwa Kabamba, na Kabamba ndiye mwenye duka, mwenye kamera, na umri wake ni wa kaka yangu mkubwa. Alifika mapema, kompyuta ikamuuliza kama anataka toleo jipya, naye akakubali bila kusoma, kama anavyokubali kila kitu. Mimi nikaingia na chai yangu ya tangawizi, nikakuta kazi yangu ya miaka kumi na tisa imehamishwa vyumba.

Zamani picha zilikaa juu na sauti chini, kila moja kwenye mstari wake, ukiangalia unajua nani yuko wapi. Sasa vyote vimebanwa kwenye utepe mmoja mwembamba. Vitufe vilivyokuwa na maneno vimebaki na vichoro visivyoeleweka. Vidole vyangu vilizoea kwenda vyenyewe, sasa kila vinapobonyeza kinatokea kitu kingine. Nilitukana kwa Kirundi, kisha kwa Kiswahili, kisha nikanyamaza kwa sababu saluni ya Précieuse iko ukuta kwa ukuta na wateja wake wana masikio.

Duka letu liko ndani ya galerie, ujia wenye maduka pande zote, hapa Matonge, mtaa wa Waafrika huku Ulaya. Tunapiga na kuhariri video za harusi, za ubatizo, na zaidi ya yote za mazishi. Watu wetu wanafia huku, mama zao wako Lubumbashi, Likasi, Bujumbura, na visa hazitoki. Kwa hiyo mama anamzika mwanawe kwenye televisheni. Video hizo hakuna anayeziangalia kwa ajili ya uzuri wake. Zinaangaliwa ili kujua nani alikuja. Wanaisimamisha, wanasogea karibu na kioo, wanataja majina mmoja mmoja. Asiyeonekana hakuja, na asiyekuja ana la kujieleza.

Wahariri tuko wawili. Mwenzangu ni Jémima, ana miaka ishirini na minane, na ni mwepesi kuliko mimi, sioni aibu kukiri. Yeye aliishangilia programu mpya kama nguo ya sikukuu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la wahariri nako moto uliwaka. Abdul-Aziz wa Antwerp aliapa atarudisha toleo la zamani hata kama kompyuta itakufa. Dada mmoja wa Liège akaandika kwamba kazi ya siku mbili sasa anaimaliza kabla ya chakula cha mchana, na wanaolalamika waende kuuza ndizi. Kabamba alisoma yote, akasema, "Machine ni machine," akaenda kusafisha lenzi zake.

Siku hiyohiyo Jémima alisogeza kiti chake karibu yangu.

"Maman Naïma, angalia hapa. Kuko fonction ingine, inaitwa Nettoyer, kusafisha. Unaingiza video, yenyewe inatosha, inakata, mahali pote kwenye bantu hawasemi. Lakini iko cochée tayari, na tiki, hata kama haukuomba. Kama hautaki, uitoshe ile coche mbele ya kuanza."

"Jémima," nikamwambia, "nilianza kukata picha weye ukingali haujaota meno."

"Sawa, maman."

Akarudi mezani kwake. Hakuligusia tena, na simlaumu. Kwetu mdogo humwambia mkubwa mara moja tu. Akirudia, watu wataona anamfundisha kazi, na Jémima amelelewa vizuri. Mimi ndiye niliyetakiwa kusikia mara ya kwanza, lakini hasira ilikuwa imeniziba masikio.

Wiki hiyo ikaja kazi ya mazishi ya Héritier. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na minne, figo zilimuua. Mama yake, maman Mbombo, yuko Lubumbashi na hakupata visa. Kabamba ndiye aliyekwenda kupiga, peke yake, kwenye ukumbi wa kanisa kule Auderghem. Kamera aliisimamisha mahali pamoja, ikitazama maikrofoni na jeneza. Makaburini mvua ilimwagika, akafunga vyombo vyake. Mimi sikuwepo, na marehemu na jamaa zake sikuwajua.

Niliingiza video. Kabamba alisema alikaa kule muda wa saa tatu, lakini mbele yangu ilikuja video ya saa moja na dakika arobaini. Nikadhani kamera aliizima katikati, apumzike au ale. Nina mazoea ambayo sijawahi kuyavunja: kabla ya kukata chochote, naangalia video ghafi mwanzo hadi mwisho, mikono nimeikunja. Siku hiyo sikufanya hivyo. Nilikuwa sitaki kuitazama ile sura mpya hata dakika moja zaidi ya lazima. Nikaweka majina, nikaweka wimbo wa kwaya mwanzoni, nikatuma. Kazi ya siku nzima ilikwisha kabla ya swala ya alasiri.

Na hapa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Nilifurahi. Niliitukana programu ile mbele ya kila mtu, lakini jioni ile, nikiwa kwenye metro nimepata kiti, moyoni niliishukuru.

Siku arobaini na kitu zikapita. Jumanne moja asubuhi akaingia mzee mrefu, kofia ya manyoya mkononi, koti limemlegea mabegani kana kwamba ni la kuazima. Alisalimia kila mmoja wetu kwa zamu kabla ya kukaa.

"Miye njo Crispin," akasema. "Baba mudogo wa Héritier. Natoka Berchem-Sainte-Agathe."

Tukampa pole. Akazungusha kofia yake mara mbili magotini.

"Nakuya kuuliza kitu kimoja tu. Ile siku ya kuzika, miye nilikuwa pale?"

Nilimtazama nikidhani huzuni imemvuruga akili. Kabamba ndiye aliyejibu. "Papa, ulikuwa. Nilikuona na macho yangu. Ulisimama ku micro."

"Alors, juu ya nini ku Lubumbashi banasema sikukuwa?"

Akatueleza taratibu, bila kupandisha sauti. Kumbe aliyemlea Héritier ni yeye. Kaka yake alipofariki, alimleta mtoto huku akiwa na miaka kumi na mmoja, akamsomesha. Mwaka wa mwisho waligombana kwa ajili ya mwanamke ambaye Héritier alitaka kumuoa, kijana akahama nyumba kwa hasira, na habari hizo zilifika Lubumbashi kabla sanduku lake halijafika alikohamia. Halafu kijana akaugua, akafa. Siku ya kuondoa matanga, familia ilitoa televisheni uani, watu wakakaa kwenye viti vya plastiki, wengine wamefunga safari kutoka Kolwezi na Likasi. Wakaangalia video yetu. Wakataja majina. Kila ndugu alionekana akija kwenye maikrofoni, isipokuwa baba mdogo.

"Tonton Ghislain, kaka ya maman Mbombo, akasimama," papa Crispin akasema. "Akasema mbele ya bantu bote: baba mudogo hakukuya kuzika mutoto, ju yeye njo alimukula."

Kumla mtu, kwa watu wa kule, si maneno ya mezani. Ni kusema umemuua kwa uchawi. Akishasemwa hivyo hadharani, hata watoto wake hawatasalimiwa barabarani.

"Sitaki mambo mingi," akaongeza. "Nataka tu kujua kama nilikuwa ao nilirota."

Jémima akainuka. Hakunitazama. Aliifungua kazi ya Héritier kwenye kompyuta yangu, akaenda juu kabisa kwenye kona, akaondoa alama moja ndogo ya tiki. Ule utepe mwembamba ukarefuka mbele ya macho yetu, ukatoka nje ya kioo.

Kwenye video niliyotuma, binamu wa marehemu, Emmanuella, anamaliza kusema na mara moja mchungaji anaanza kuomba. Sasa kati yao akatokea papa Crispin. Alikuja kwenye maikrofoni, kofia ileile mkononi. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akajaribu tena, sauti haikutoka. Akageuka, akaweka mkono juu ya jeneza upande wa kichwani, akabaki hivyo. Ukumbi mzima ulinyamaza pamoja naye, hata watoto. Mwisho akalipigapiga jeneza kidogo, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, akaondoka nje ya picha.

"Quatre minutes onze," Jémima akasema polepole, akisoma urefu wa kile kipande.

Papa Crispin alikuwa amesogea mbele kwenye kiti. "Donc nilikuwa," akasema.

Kabamba akakohoa. "Papa, ni machine. Ilijifanya mise à jour, toleo mupya, inakata yenyewe, hata siye hatukujua..."

Wiki sita nilikuwa nimeitupia lawama mashine ile kwa kila kitu, hata kwa chai yangu kupoa. Sasa Kabamba alinifungulia mlango mpana kabisa, na nikaona aibu kuupita.

"Jémima alijua," nikasema. "Aliniambia, nikamjibu vibaya. Ni mimi, papa. Zamani naangalia yote mbele ya kukata. Yako sikuangalia."

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema tu, "Mutume."

Tukatuma Lubumbashi video nzima ya saa tatu, pamoja na maelezo. Hakutaka kuondoka, akakaa, Kabamba akamletea kahawa. Baada ya muda simu yake ikalia: ujumbe wa sauti kutoka kwa tonton Ghislain. Akauweka wote tusikie.

"Mulituma ya kwanza, haukukuwa. Sasa munatuma ingine, bon, uko. Na ordinateur yenu, kompyuta ile, munaweza kuweka hata simba ndani ya kanisa. Siye hatuko batoto, Crispin."

Papa Crispin akavaa kofia yake. Niliona jinsi mikono yake inavyotafuta vifungo vya koti na kuvikosa. Ukweli tulikuwa nao, dakika nne na sekunde kumi na moja, na mimi ndiye niliyeufanya uonekane wa kutengenezwa.

"Kaa, papa," nikamwambia. "Nipe namba ya maman Mbombo."

Nikampigia kwa video. Akatokea mwanamke mwembamba, amefunga kitambaa cheusi, amekaa kwenye kizingiti cha mlango. Nikajitaja jina, nikamwambia mimi ndiye niliyekata video ya mwanawe. Sikuanza na mashine. Nilianza na hasira yangu, nikaja kwa Jémima na maneno niliyomjibu, nikamalizia na zile saa ambazo sikuzitazama. Nilimwambia pia kwamba kazi ilikwisha mapema nikafurahi. Jémima aliinua uso aliposikia hilo, akauinamisha tena.

Maman Mbombo alisikiliza mpaka mwisho.

"Donc ile mashini ilimutosha ju hakusema?"

"Ndiyo, maman. Inatosha mahali hakuna anayesema. Nami sikuangalia."

"Munionyeshe."

Nikaielekeza simu kwenye kioo cha kompyuta, nikaishika kwa mikono miwili isitikisike. Jémima akabonyeza. Tuliangalia wote, yeye kule na sisi huku. Katikati mikono yangu ilianza kuuma, sikuishusha. Kabamba alisimama mlangoni akiwazuia wateja kwa kidole. Papa Crispin hakutazama kompyuta. Alitazama ile simu, mahali palipokuwa na uso wa shemeji yake.

Picha ilipokwisha, maman Mbombo alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa.

"Iko vile tangu zamani," akasema. "Tulipozika baba ya Héritier, pia alisimama bila kusema. Tulimushika mukono, tukamurudisha ku kiti." Kisha akaita, "Crispin."

"Yaya," akaitika, kama anavyoitikiwa dada mkubwa.

"Unakonda."

Papa Crispin akaivua kofia yake, akafunika macho nayo. Hapo nilidhani yamekwisha. Nilikuwa tayari nimeanza kupumua, hata nilimtazama Jémima nikitaka anitazame.

"Maman Naïma," sauti ikatoka kwenye simu. "Ungali pale?"

"Niko, maman."

"Miye nakuamini, ju ni miye mama ya mutoto. Lakini Ghislain alisema mbele ya bantu bote, na matanga ilishaisha. Bamoja balirudi Kolwezi, bengine Likasi. Kila muntu alienda na lile neno ku nyumba yake." Akausogeza uso karibu na simu. "Lile, weye unaweza kulikata?"

Nilimwambia kwamba siwezi.