Kulala kwa Niaba ya Vyura

Asubuhi mashine ilipofika shambani kwa Runji, mkewe Kathure alikuwa uani akipepeta mbegu za mtama kuondoa majivu yaliyozikinga na wadudu. Zilikuwa mbegu za kibuyu kimoja, za mwisho nyumbani. Nyingine zote zilishaliwa, kwa sababu ulikuwa mwaka wa njaa, na watu wa Kiambere walikuwa wakipikia watoto mahindi ya manjano ya msaada.

Mashine ilikuja kuchimba mashimo ya nguzo za umeme. Umeme ungetoka bwawani, upite juu ya mapaa yao, uende miji ya mbali. Kama ungeshuka hapo kidogo, hakuna aliyesema.

Koleo la kwanza lilipoinuka, lilikuja na vyura. Walikuwa wakubwa kama mabakuli, wamejifunga ndani ya ngozi kavu nyembamba kama karatasi. Wangelala humo mpaka mvua iwaamshe. Walifungua macho, wakalitazama jua, wakaanza kutembea.

Huko watu hupanda mbegu wakiona vyura wametoka. Hupanda kwenye udongo mkavu, ili tone la kwanza liikute mbegu ikingoja. Kwa hiyo kabla ya saa sita kila mtu alikuwa na jembe mkononi.

"Lete kibuyu," alisema Muthoni, mama mkwe wa Kathure. "Vyura wametoka."

"Hawakutoka, Mama. Wametolewa."

"Chura ni chura. Kwenu Kinoru mvua inanyesha mpaka mnaichoka. Leo wewe ndiye utanifundisha kuingoja?"

Kathure hakuwa mtu wa kujibizana na wakubwa. Aliinamisha kichwa, akakifunga kibuyu kwenye leso, akaingia nacho ndani. Muthoni alibaki uani na jembe lake.

Majirani walipanda. Mvua haikuja. Kanga walishuka kutoka vichakani, wakafukua mbegu kwa utulivu kama watu walioalikwa, na walizobakiza zikaliwa na mchwa.

Vyura nao hawakuweza kurudi ardhini, kwa maana mashine ilikuwa imeushindilia udongo ukawa kama sakafu. Wakaja kwa Kathure, nyumba iliyokuwa karibu. Waliingia mmoja mmoja wakakaa kuzunguka mafiga. Walikonda haraka, kwani mafuta waliyoweka ya kulalia sasa yalitumika kukaa macho.

Mchana, mmoja alimpanda Kathure mapajani. Joto lilikuwa kali, Kathure akasinzia, na chura akasinzia. Mashine ikanguruma, Kathure akashtuka, na chura akafungua macho. Kathure akajaribu tena akiwa na wawili, kisha akiwa na wote. Ilikuwa hivyo hivyo: akilala walilala, akiamka waliamka.

Jioni alimweleza mumewe.

"Basi lala," alisema Runji, akivua viatu. "Uji nitapika mwenyewe."

"Utaunguza."

"Utajuaje, na umelala?"

Walimwaga udongo laini kwenye jamvi. Kathure akalala, kibuyu cha mbegu chini ya kichwa chake, na Runji akawafukia vyura kumzunguka. Wakalala wote pamoja.

Katika usingizi ule Kathure alisikia kila kitu, lakini kwa mbali, kama mtu aliye chini ya ardhi. Alimsikia Muthoni akiingia kuchukua kibuyu. Muthoni alisimama kitambo. Alilelewa kutomwamsha mtu ghafla, roho yake isije ikakosa njia ya kurudi, na kibuyu kisingetoka bila kichwa kuinuliwa. Alishusha pumzi, akafukuza kuku aliyekuwa akiparua udongo, kisha akavuta kigoda akaketi mlangoni. Alikaa hapo kiangazi chote.

"Bado amelala?" majirani waliuliza.

"Bado."

"Basi tutarudi."

Siku moja alikuja msimamizi wa mashine.

"Zima hicho kitu," Muthoni alimwambia. "Watu wamelala."

"Watu wangapi?"

"Wengi."

Msimamizi alichungulia ndani, akavua kofia, akaenda kuizima. Kisha akaiwasha upande wa pili wa boma.

Mvua ilipofika, vyura waliinuka, na Kathure akainuka nao. Vyura walikuwa wanene. Walitoka mlangoni bila haraka, wakishuka kuelekea madimbwi. Katikati ya vidole vya Kathure yalikuwa yameota majani membamba, na Muthoni akayang'oa moja baada ya jingine, taratibu. Alipomaliza alimpa uji. Ulikuwa umeungua.

Kathure alikifungua kibuyu. Kila nyumba ilipewa kiganja. Mtama ule ulishika vizuri, watu wakala na wakaweka mbegu. Nyaya nazo zikafungwa juu ya mashamba, zikaanza kuvuma usiku na mchana, na chini yake watu waliendelea kuwasha koroboi.

Kiangazi kilichofuata, mashine ilihamia shamba la jirani yao, mzee Mbaka. Muthoni alitoka mapema, akarudi na karai kichwani limejaa vyura walio macho. Alilitua, akafungua kitambaa cha kichwa, akakikunja.

"Sogea," alimwambia Kathure.

"Mama, nimeshazoea. Acha nilale mimi."

"Na hiyo mimba? Udongo una baridi. Sogea, msichana wa Kinoru, hata mimi najua kulala."

Kathure alimtandikia jamvi, akamfunika udongo mpaka shingoni, akampangia vyura wake ubavuni. Kisha akaketi mlangoni.

Mbaka alikuja na jembe begani.

"Nimeona vyura," alisema. "Tupande?"

"Bado, Baba," Kathure alimjibu, naye hakuinamisha kichwa. "Mama amelala."

Mbaka aliliegemeza jembe ukutani, akaomba karai, akarudi shambani kwake kuwaokota waliobaki.