Potasiamu Namba Kumi na Nane

Mke wangu alifeli kemia, na aliyemfelisha ni mimi.

Alikuwa anafagia na kupanga maboksi kwenye duka la dawa. Ili asimame kaunta ahudumie wagonjwa, ilibidi afaulu masomo manne ya mtihani wa watu wazima. Matatu alikuwa nayo. Ilibaki kemia, akatafuta mwalimu wa kumfundisha nyumbani, Jumanne na Jumamosi.

Mwalimu mwenyewe mwanamume wa miaka thelathini hivi, tukimwita Miwani. Sikumpenda tangu siku ya kwanza. Nikirudi kazini nawakuta sebuleni wanacheka, nikiingia, kimya. Kemia ina nini cha kuchekesha? Nikawa namwinda kwa kosa lolote, hata dogo.

Jumamosi moja akabandika ukutani jedwali la elementi ishirini, ameliandika kwa mkono. Kila kisanduku kina namba juu na uzito chini. Shule niliachia darasa la sita, lakini huu ni mwaka wa ishirini na mbili napima magunia ghalani. Kwenye uzito mtu haniibii. Nikapitisha kidole: moja, nne, saba, tisa, unapanda tu. Nikafika namba kumi na nane: agoni, arobaini. Kumi na tisa: potasiamu, thelathini na tisa.

"Hapa umeteleza, Mwalimu," nikasema. "Namba inapanda, uzito unashuka."

"Ndivyo ilivyo, kaka. Ile namba ni..."

"Ndivyo ilivyo! Hilo jibu wapakiaji wangu wananipa kila gunia likipungua. Kumbe hata somo lenyewe hulijui. Sasa unafuata nini nyumbani kwangu?"

"Baba watoto, mwache amalize," mke wangu akasema.

Alivyomtetea ndivyo nilivyozidi kupandwa na hasira. Nikamfungulia Miwani mlango. Alipotoka nikachukua kalamu, nikaipa potasiamu kumi na nane, agoni kumi na tisa.

"Una uhakika?" mke wangu akauliza.

"Uzito ndio kazi yangu."

Wiki mbili zilizobaki kabla ya mtihani alisoma peke yake, macho kwenye jedwali hilo.

Matokeo yalipotoka mke wangu alimweleza Miwani nilivyobadilisha namba, naye akanifuata ghalani. Hakukaa.

"Namba ni hesabu ya protoni, kaka. Potasiamu inazo kumi na tisa; ukiipunguzia moja, si potasiamu tena. Uzito ni protoni ukijumlisha na nyutroni. Agoni ina protoni kumi na nane, nyutroni ishirini na mbili. Potasiamu ina protoni kumi na tisa, nyutroni ishirini. Haya, jumlisha, wewe si mpimaji?"

Nikajumlisha. Arobaini. Thelathini na tisa.

"Na kile kicheko?" nikauliza.

"Alikuwa anakuigiza unavyogombana na mizani."

Swali la nane lilimtaka achore elektroni za potasiamu, kisha aeleze ikitiwa majini inafanya nini. Alichora kumi na nane, kwa namba niliyoipa mimi, akaandika haifanyi kitu, kama agoni. Kumbe inawaka moto.

Swali hilo lilikuwa na alama saba, hakupata hata moja. Kufaulu ni arobaini. Alipata thelathini na sita. Mtihani mwingine ni mwaka ujao. Kaunta amepewa msichana aliyeajiriwa baada yake, na mke wangu ndiye anayefagia chini ya miguu yake. Miwani hakurudi. Na nyumbani sasa hakuna anayeniigiza.