Saini Iliyohudhuria Badala Yangu

Nilichokiota usiku wa kuamkia leo ni hiki: nimefika ukumbini kwa kipindi cha Takwimu, Alhamisi saa moja asubuhi, na mlangoni amekaa Karatasi ya Mahudhurio, amevaa miwani.

Simaanishi mtu aliyeshika karatasi. Ni Karatasi mwenyewe, mrefu, amejikunja kwenye kiti cha mlinzi, anakunywa chai. Nikamsalimia, maana mtu mzima husalimiwa.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Siwema Mhando. Mwaka wa pili."

"Kanuni unaijua?"

"Asiyehudhuria asilimia sabini na tano ya vipindi haruhusiwi kufanya mtihani."

"Basi panda mzani."

Kijana aliyekuwa mbele yangu alikuwa ameshapimwa. Mkono wake wa kushoto alikuwa ameuacha bwenini, na sikio moja pia, lakini kilichofika kilikuwa robo tatu na ushee, kwa hiyo alipita bila maneno. Aliniambia kwamba ule mkono hupenda sana kulala na yeye haulaumu.

Hapa niseme jambo la kweli, lisilo la ndoto. Muhula huu nimehudhuria Takwimu mara sita kati ya kumi na nne. Wiki ya sita tulirudishiwa jaribio, nikawa nimepata tisa kwa arobaini, na mhadhiri akayasoma matokeo kwa sauti, jina kwa jina. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Wiki ya saba nikamwambia Bupe, ninayekaa naye chumba kimoja, kwamba tumbo linaniuma. Bupe akanisainia. Chuoni kwetu kusainiana ni kama kuazimana ndoo. Ukimnyima mwenzako utaambiwa una roho mbaya. Tumbo likaendelea kuuma kwa Alhamisi nane.

Mshauri wangu wa masomo, Dokta Kokushubira, alibandika jina langu ubaoni mara tatu kwamba nikaonane naye, na mara zote tatu nilipita upande wa pili wa korido. Leo kabla ya saa sita mchana ndiyo mwisho wa yeye kusaini fomu yangu ya mtihani, tena ana kwa ana. Karatasini nina kumi na nne kwa kumi na nne. Kichwani sina kitu.

Turudi ndotoni.

Mzani unaning'inia darini, una ile kaptura ya kitambaa wanayovalishwa watoto wachanga kliniki. Naivaa. Naning'inia. Natazama chini, ukumbi haupo tena. Niko kliniki ya Korogwe nilikochanjwa surua, kuna foleni ya kina mama, na mama yangu mzazi ameshika kadi yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Tulia, usirukeruke, mshale hautasimama."

Mshale ukasimama arobaini na tatu.

"Mtoto amepungua," alisema Karatasi.

"Kula anakula," mama akajibu. "Ila anaficha."

Ndipo alipoingia Saini. Nilimtambua kwa mkia. Saini yangu mimi huishia kwenye herufi ya mwisho, basi. Bupe huongeza mkia unaozunguka na kurudi chini ya jina. Huyu alikuwa na mkia huo, kaushika mkononi kama mtu anayeinua pindo la gauni kwenye matope, na daftari liko kwapani. Alikuwa amenona. Kina mama wakamsogelea wakimwita Siwema, wakamuuliza habari za masomo.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza kutoka juu.

"Ni wewe wa Alhamisi," alisema. "Wiki ya tisa nilielewa mtawanyiko. Wiki ya kumi niliuliza swali, mhadhiri akasema ni swali zuri."

"Swali gani?"

"Usingelielewa, dada."

Iliniuma. Lakini kuliko kuumia, nilitaka kulijua hilo swali.

Mama akafungua kadi ya kliniki, na ndani yake ilikuwemo ofisi ya Dokta Kokushubira. Tukaingia wote, mimi nikiwa bado na kaptura, mzani ukinifuata kwa juu. Dokta alikuwa vilevile alivyo mchana, na alikuwa akimenya karanga za kuchemsha. Mbele ya meza kulikuwa na kiti changu cha ukumbini, cha tatu safu ya dirishani.

"Siwema ni yupi kati yenu?" aliuliza. "Fomu ni moja. Atakayebaki hatakuwepo."

"Hatakuwepo kwenye mtihani?"

"Hatakuwepo," alisema, akachukua karanga nyingine.

Niliogopa kweli. Saini hakuogopa. "Ni mimi," alisema. "Nimehudhuria mara nane, yeye sita. Wengi wape."

Dokta akashika kalamu.

"Samahani, Dokta," kilisema kiti. "Huyu wa kaptura amenikalia mara sita, uzito wake naujua. Huyo mwingine hajanikalia hata mara moja. Hana cha kukalia."

Saini akajitazama nyuma. Palikuwa na mkia tu.

"Na Alhamisi nane?" akauliza Dokta.

"Nilikuwa mtupu," kiti kikajibu. "Wiki ya kumi na moja mguu wangu wa nyuma ulilegea, nikafungwa kipande cha kitenge cha kijani, mafundo mawili. Angekuja angekiona."

Dokta akanigeukia. "Siwema, wiki ya saba ulikuwa wapi?"

Mdomoni nina maneno tele: tumbo, msiba, mvua. Mama ananitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu ilikuwa imefika ukutani.

"Sikuwepo," nikasema.

Mshale ukaruka mpaka hamsini.

"Mbona unapanda?" nikauliza. "Nimesema sikuwepo."

"Aliyesema ni nani?" akauliza Dokta.

"Mimi."

"Uko wapi?"

"Hapa."

"Karatasi, andika yupo. Wiki ya nane?"

"Sikuwepo."

Hamsini na saba. Tukaendelea hivyo, na kila nilipojibu Saini alipungua: kwanza daftari, kisha mkia, kisha herufi moja moja. Hakulalamika. Nilimhurumia, maana yeye alikuwa amesoma.

"Lile swali," nikamwahi kabla hajaisha. "Niambie."

"Niliuliza hivi: kama mmoja amekaa mbali sana na wenzake, wastani unajuaje kwamba yupo?"

"Mhadhiri akajibu nini?"

"Kwamba wastani husogea kumwelekea."

Akawa nukta ya wino sakafuni. Mama akaandika kitu kwenye kadi, akanivua kaptura, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Bupe alikuwa ameketi kitandani kwake akijifunga kilemba.

"Umelala ukisema sikuwepo, sikuwepo, kama mshtakiwa," alisema. "Kuna nini?"

"Naenda kwa Dokta Kokushubira. Namwambia ukweli."

Mikono yake ikasimama kichwani. "Siwema! Utatuponza wote wawili. Karatasi imejaa, kinachokuwasha nini?"

"Nitasema langu tu. Hata ikibidi nirudie somo."

"Langu na lako ni moja hapo, shoga yangu. Ule mkia nani hajui ni wangu?"

Nikamuuliza nilichokuwa nataka kukijua tangu nifumbue macho.

"Kiti changu, kile cha tatu safu ya dirishani. Mguu wake wa nyuma una nini?"

Bupe akakiachia kilemba.

"Kimefungwa kitenge," alisema. "Nani kakwambia?"

"Rangi gani?"

"Kijani. Ulilegea, kama wiki tatu nne zilizopita. Nikachana kipande kwenye kile kitenge changu cha zamani, nikakifunga. Mafundo mawili." Akainamisha kichwa. "Nilisema siku ukirudi usije ukaanguka mbele za watu, ukapata sababu nyingine ya kutokuja."

Nilitaka kumwambia ndoto yote, lakini nikabaki natafuta fomu yangu chini ya mto. Nilipoipata na kugeuka, Bupe alikuwa ameshavaa kiatu kimoja na anatafuta cha pili.

"Nisubiri," alisema. "Hizo saini nikazieleze mwenyewe."