Miaka Tisa ya Meneja

Habari hii ya binti mmoja nilipewa na shangazi yake, Jumapili iliyopita, alipokuja kunipima gauni. Yeye hushona kola katika karakana ya wifi yake, mama wa binti huyo, chumba kirefu chenye cherehani sita na mafundi sita. Mengi aliyaona kwa macho, mengine aliambiwa na binti mwenyewe.

Binti huyo mafundi walimbandika jina la Meneja tangu ana miaka kumi na minne, kwa utani, maana akitoka shule alikuwa anavua viatu, anashika chaki na daftari, anaanza kuwagawia watu wazima kazi. Wewe suruali, yule sketi, na wewe fumua huo mshono umekwenda upogo. Sare za shule nne zilitoka hapo kila mwaka, wala shule haikufunguliwa hata mara moja mzigo haujafika. Bei za vitambaa yeye ndiye aliyevutana na wauzaji, mpaka mwenye duka mmoja akimwona tu mlangoni anasema, "Leo nimekwisha."

Alipomaliza masomo akapata kazi katika kampuni ya bima. Miezi minane tu, akaomba nafasi katika kile chuo cha biashara ambacho watu hukitaja kwa kushusha sauti. Walitaka uzoefu wa miaka mitatu. Lakini fomu ilisema kazi katika biashara ya familia inahesabiwa, mradi msimamizi athibitishe kwa simu. Meneja akajaza: karakana ya sare, miaka tisa. Msimamizi, mama yake.

"Watakupigia, Mama. Wewe sema ukweli tu."

"Kwani mimi niseme uongo kwa lipi?" Mama akajibu, uzi mdomoni.

Simu ilikuja Jumanne asubuhi. Meneja alikuwa likizoni, na likizo yake yote aliimaliza karakanani akikata vitambaa. Mama alikuwa anapiga pasi, kwa hiyo akaiweka simu mezani, spika juu.

"Mama, binti yako anasema amefanya kazi kwako miaka tisa," sauti ya mwanamume ikasema kwa upole. "Ni kweli?"

Mama akajinyoosha kana kwamba yule bwana anamwona. "Nani, mwanangu? Hapana, baba. Mwanangu hajafanya kazi hapa hata siku moja. Mimi mjane, lakini nimemsomesha kama watoto wa wenye nacho. Alikuwa akinisaidia tu, vitu vidogo vidogo."

Mkasi ukasimama. Meneja akawa anatikisa kichwa, anapunga mikono. Kumpokonya mama yake simu mbele ya mafundi, hilo hakuliweza. Shangazi ndiye aliyenong'ona, "Wifi, sema anafanya!" Mama akamkata jicho.

"Hakusimamia watu?"

"Awasimamie hawa, watu wazima na akili zao? Mtoto huyo bado." Akacheka kidogo, kama mtu anayeogopa kuambiwa anajidai kwa mwanawe.

"Ahsante, Mama. Umetusaidia sana."

Jibu lilifika Ijumaa. Hawakusema uzoefu wake ni mdogo. Walisema taarifa zake zimekanushwa na mtu aliyemtaja mwenyewe. Yaani mwongo.

"Ulitaka nimwambie mtu baki kwamba nilimtumikisha mwanangu?" Mama akauliza. "Aseme mama gani huyu?"

"Ulinitumikisha, Mama, na nilipenda. Ungesema hivyo hivyo."

"Usinipandishie sauti!"

Hakuwa amepandisha, na hilo ndilo lililomchoma Mama. Jumatatu akaipiga ile namba mwenyewe, kasimama katikati ya karakana, spika juu ili mwanawe asikie.

"Baba, juzi niliteleza. Huyu ndiye meneja wangu! Bosi kabisa! Ana mafundi thelathini chini yake!"

Upande wa pili karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Mama, wiki iliyopita ulisema hajafanya kazi hata siku moja. Leo ana mafundi thelathini. Niandike lipi?"

"Andika la leo."

"Nitaandika yote mawili," yule bwana akasema, bado kwa upole, na simu ikakatika.

"Meneja," fundi wa suruali akajaribu, "hao ishirini na wanne waliobaki wako wapi, waje wanipokee?"

Meneja akaiweka chaki mezani. "Mwaka kesho nilitaka kuomba tena," akamwambia mama yake. "Sasa wakifungua faili langu watakuta maneno yako."

Jioni walikula kila mtu akitazama sahani yake. Hulala chumba kimoja, vitanda viwili vimetenganishwa na marobota ya vitambaa. Taa ilipozimwa Mama akasema, "Nilikuwa nakusifia."

"Najua."

"Basi nisamehe."

Meneja angeweza kusema amesamehe. Lakini haikuwa kweli, na maneno ya kupendezesha yalikuwa yamemchosha. "Kesho, Mama," akasema.

Mama akangoja kama litafuata neno jingine. Halikufuata, na pumzi zake zikawa nzito. Meneja akageukia ukutani, akahesabu miaka miwili na miezi minne iliyobaki pale kwenye kampuni ya bima kufikisha mitatu inayotakiwa na chuo, akarudia kuihesabu, na katikati ya hesabu usingizi ukamchukua.