Mama Mkwe Kwenye Soko la Nyuki

Mama mkwe aliletwa Jumapili, mguu wa kulia umefungwa plasta toka vidoleni hadi gotini, na kabla hajatulia kwenye kochi alikuwa ameshauliza kwa nini mapazia ya nyumba hii yana rangi ya maji ya kufulia.

"Ulituletea wewe, Mama," alijibu mke wa mwanawe. "Siku ya harusi yetu."

"Basi siku hiyo mazuri yalikuwa yameniishia."

Wakacheka wote wawili, na hapo ndipo mwana alipoweka begi chini, akambusu mama, akambusu mke, akarudi kwenye lori lake. Alikuwa dereva wa masafa marefu. Karibu wiki mbili nyumba ingekuwa ya wanawake wawili waliopendana kwa heshima na kwa mbali, kama majirani wanaosalimiana kwa dirisha.

Mke huyu alikuwa fundi wa meno bandia. Kutwa alishinda karakanani akichonga magego ya nta, akiyapaka, akiyasugua mpaka yakae kinywani mwa mtu kana kwamba alizaliwa nayo. Jioni alioga, akaketi kwenye meza ndogo kando ya dirisha, akawasha kompyuta, akageuka shujaa. Ulikuwa mchezo wa mtandaoni, ambamo watu wa kila pembe ya dunia huingia kwenye ufalme mmoja wa kubuni, kila mtu na mhusika wake, wakapigana na majoka, wakachimba madini na kuuziana walivyovipata. Humo peke yako hufiki mbali, kwa hiyo watu hujiunga kwenye vyama. Chama chake kiliitwa Nyuki. Yeye mwenyewe humo aliitwa Gego, na kazi yake ilikuwa kusimama mbele kabisa na kupigwa, ili wenzake wapate nafasi ya kupiga. Mumewe alipenda kuwaambia madereva wenzake kwamba ameoa mwanamke mwenye kazi mbili, moja ya kutengeneza meno na nyingine ya kuyang'oa.

Siku za mwanzo mama mkwe aligombana na televisheni. Aliwajibu watangazaji, aliwasahihisha wahubiri, na tangazo la sabuni alilizima kwa mkongojo. Alikuwa mtu wa duka huyu. Karibu maisha yake yote aliuza vitambaa, na sasa duka halikuwepo tena, mguu haukufaa, na siku ilikuwa ndefu kama ukanda wa kupimia uliofunguka wote.

Jioni moja akaegemea mkongojo, akachungulia juu ya bega la mkwewe.

"Huyo mwenye pembe ni nani?"

"Ni mimi, Mama."

"Hee. Na hao waliojipanga kama wanasubiri maji?"

"Hilo ni soko la chama chetu. Kila mwanachama ana kibanda. Tukiokota kitu vitani tunauziana, na watu wa vyama vingine nao wanakuja kununua."

"Soko?" Mama mkwe akavuta kiti. "Wewe unauza nini?"

"Uyoga. Ngozi za mbwa mwitu. Takataka tu."

Wakati huohuo mtu mmoja mwenye upinde mgongoni akasimama mbele ya kibanda cha Gego, akatazama, akaondoka zake.

"Umemwacha aende?"

"Bei imeandikwa pale juu, Mama. Akitaka atanunua."

"Bei imeandikwa!" Alilirudia neno hilo kama mtu aliyeambiwa mtoto kazaliwa na meno. "Mwanangu, mteja hakuja kusoma. Msalimie!"

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, Gego alimwachia kompyuta. Akamwonyesha pa kubonyeza, akamwambia auze vya kibandani apendavyo. Mama mkwe aliandika kwa kidole kimoja, lakini maneno aliyoyaandika yalikuwa na umri wa duka zima. *Karibu mwanangu, umechoka wewe, pumzika hapa. Ngozi hizi ni za mbwa mwitu wa milimani, si wale wa bondeni wanaonyonyoka.* Mbwa mwitu wote wa mchezo ule walikuwa sawasawa, lakini ngozi ziliisha kabla ya adhuhuri.

Karakanani, simu ya Gego ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Jemadari, mkuu wa Nyuki, ambaye nje ya mchezo ni mkunga.

"Gego, tangu lini unaniita mjukuu?"

Ikabidi aeleze. Alidhani chama kitamfukuza. Kumbe chama kilishangilia. Ndani ya siku chache kila Nyuki mwenye kitu cha kuuza alikipeleka kwenye kibanda cha Gego, hasa dawa za majeraha ambazo chama kilizipika kwa ustadi kuliko vyama vyote. Mama mkwe hakumwachia mtu aondoke bila nyongeza. Ukinunua dawa, unaongezewa uyoga. Ukinunua uyoga, unaulizwa habari za nyumbani. Hata Kunguru, chama hasimu kilichokuwa kinawania ngome moja na Nyuki, walikuwa wanatua pale kibandani kwa wingi. Na nyumbani, Gego akirudi, alikuta mwanamke anayeimba.

Basi Alhamisi ya wiki ya pili akarudi, akaketi, akajitazama kwenye kioo cha kompyuta, akajikuta kichwa wazi.

"Mama. Chapeo yangu iko wapi?"

"Ile kofia ya chuma? Ya pembe mbili, moja imekatika?" Uso wa mama mkwe uling'aa. "Nimeiuza! Na bei niliyopata, kaa kwanza usije ukaanguka. Kuna mzee mmoja wa Kunguru, anaitwa Kisiki, hakubisha hata kidogo. Dhahabu aliyomwaga hapa unaweza kununua kofia za kila siku ya wiki."

Mkwe ni mkwe, hakaripiwi. Gego akainuka, akaenda jikoni kuosha vyombo, na vyombo vikaanza kusema kwa niaba yake.

"Sufuria hiyo imekukosea nini?" mama mkwe aliuliza mlangoni, baada ya kishindo cha kifuniko.

"Hakuna, Mama."

"Mimi nimelea wanaume. Kelele za vyombo nazijua. Sema."

Gego akafunga bomba. Akasema kwa sauti ndogo kwamba chapeo ile haikununuliwa. Chama kizima kilipigana na joka moja msimu mzima wa mvua, wakashindwa, wakarudi, wakashindwa tena. Jemadari alikuwa anaingia vitani akitoka zamu ya kuzalisha. Joka lilipoanguka lilitoa chapeo moja tu. Kila mtu angeweza kuitaka. Wakapiga kura, wakampa yeye, kwa sababu ndiye aliyekuwa anaungua kwanza. "Ndiyo inayonikinga na moto, Mama. Na Jumamosi tunapigania ngome. Lakini si moto unaoniuma. Ningeulizwa tu."

Mama mkwe akajishusha polepole kwenye kiti cha jikoni.

"Unajua duka langu liliishaje?"

"Ulipumzika, Mama. Ndivyo nilivyoambiwa."

"Nilikwenda kumuuguza dada yangu. Nikarudi, nikakuta wanangu wameshaliuza. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao, basi wakakubaliana wao kwa wao. 'Mama, tumepata bei nzuri, sasa pumzika.' Walikuwa wanatabasamu vilevile nilivyokuwa natabasamu mimi hapo sasa hivi." Akapangusa meza kwa kiganja ingawa haikuwa na kitu. "Wangeniuliza, labda ningekubali. Nisamehe, mwanangu. Nimekufanyia yaleyale."

"Hukujua, Mama. Mimi ndiye nilisema uza upendavyo."

"Ulisema vya kibandani. Hii niliivua kichwani mwako." Akashika mkongojo. "Nipeleke kwenye hiyo kompyuta. Nataka kuongea na huyo Kisiki kwa mdomo, si kwa kidole."

Gego akamvisha hedifoni. Kisiki alikuwa na sauti ya mtu anayeongea huku anatafuna.

"Mzee wangu, shikamoo ya biashara," alianza mama mkwe. "Ile kofia inakutosha?"

"Kofia? Aa, mimi mpiga upinde, bibi. Chapeo nzito kama ile siwezi kuivaa."

"Basi unampa nani?"

"Simpi mtu. Iko ghalani." Akacheka, akapaliwa kidogo. "Jumamosi tunataka kumwona Gego akiungua. Asante sana, bibi. Mali ikishauzwa imeuzwa."

Mama mkwe akavua hedifoni kwa uangalifu mkubwa, kama anayevua miwani kabla ya ugomvi. Sasa alielewa kwa nini bei haikubishaniwa. Mtu mwenye duka muda wote ule, kachezewa kama mwanagenzi! Kama kuna kilichomuuma kuliko kosa lake kwa mkwewe, basi ni hicho.

"Kunguru wananunua wapi dawa zao za majeraha?" aliuliza.

"Kwako, Mama. Sasa wote wananunua kwako."

Asubuhi ya Ijumaa kibanda hakikufunguliwa. Jemadari, alipoelezwa, aliwaomba Nyuki wote wafunge vibanda vyao pia, na kila Kunguru aliyetua sokoni alikuta maandishi ya aina moja: *Samahani wajukuu, leo hatuuzi. Muulizeni Kisiki.* Wakamuuliza kwelikweli. Wengine walimuuliza kwa matusi. Alasiri, fundi wa meno alipokuwa ametoka kazini na ameketi kando ya mama mkwe, Kisiki akapiga mwenyewe. Safari hii hakuwa anatafuna.

"Bibi, tuelewane. Rudisheni dhahabu yangu, fungueni soko leo, chapeo mtaipata Jumapili. Baada ya vita."

"Leo," alisema mama mkwe.

"Jumapili. Wakubwa wenzangu hawatakubali leo, hata wakipigana bila dawa."

Mama mkwe akafunika kipaza sauti kwa kiganja. Ulimi ulikuwa unamwasha. Ungeona kabisa jibu limekaa mdomoni tayari. Akalimeza.

"Mali ni yako," alimwambia mkwewe. "Amua wewe. Tukaze au tukubali?"

Gego akafikiri. "Tukiwabana, watakuja vitani bila dawa, na tutawashinda. Lakini tutakuwa tumeshinda sokoni, ngome tumeokota tu. Sitaki hivyo, Mama. Kubali Jumapili."

"Utaungua."

"Nitaungua."

"Haya." Akafungua kiganja. "Mzee, mkwe wangu ana moyo mkubwa kuliko wangu. Jumapili. Na ukichelewa, hata bandeji sikuuzii."

Jumamosi mume alifika mchana, akakuta mama yake na mkewe bega kwa bega mbele ya kompyuta, wakizomea. Mama mkwe alikuwa amemnunulia Gego kofia ya ngozi, bora iliyopatikana sokoni, yenye unyoya wa kuku juu. Gego akaingia vitani nayo. Moto wa kwanza wa Kunguru ukaondoka na unyoya. Wa pili ukaondoka na kofia. "Rudi nyuma, utakufa!" alipiga kelele Jemadari hedifonini. "Sirudi!" alijibu fundi wa meno, ambaye karakanani hata mgonjwa asiyelipa humjibu kwa upole. Akafa, akafufuliwa kwa dawa, akafa tena mlangoni mwa ngome. Nyuki walishindwa, kwa upungufu mdogo sana, na kwenye hedifoni watu wa vyama vyote viwili walikuwa wanacheka mpaka hawasikilizani.

"Huyu ndiye mke niliyemwoa?" mume aliuliza.

"Ndiye," mama yake alimjibu. "Na wewe hebu kaa hapa. Nina neno na wewe kuhusu duka."

Akamwambia. Hakulia, hakupandisha sauti. Alimwambia kama anavyomwambia mteja kwamba kitambaa kimekatwa vibaya. Dereva yule, mwenye mabega ya kubeba tairi la lori, akawa anatazama plasta ya mguu tu.

"Tulidhani tunakupunguzia mzigo, Mama."

"Najua mlidhani. Ndiyo maana sikusema. Lakini mzigo wangu nilikuwa naupenda."

"Nisamehe. Duka lenyewe sasa hatuwezi kulirudisha. Aliyenunua ameshavunja hata kuta." Akakuna kichwa. "Nimechelewa, lakini nauliza sasa. Unataka nini?"

Mama mkwe hakuhitaji muda wa kufikiri. "Kompyuta. Yenye herufi kubwa, si hizi za sisimizi."

Jumapili asubuhi Kisiki alikuja kibandani na chapeo, pembe yake moja na nusu. Akahesabiwa dhahabu yake, akaongezewa uyoga, akaulizwa habari za nyumbani. Kumbe alikuwa na jino linalomsumbua, upande wa kushoto, ndiyo maana alikuwa anatafuna ovyo. Gego akamweleza afanye nini mpaka apate daktari. Waliongea muda mrefu, Jemadari akaanza kunung'unika kwamba kuna biashara ya adui inaendelea.

Plasta ilipokatwa, mama mkwe alirudi kwake na mkongojo mmoja, kompyuta mpya kwenye boksi, na jina lake mwenyewe kwenye orodha ya Nyuki. Alikataa majina yote aliyopendekezewa, Bibi Ngozi, Malkia, Mama Nyongeza, akajiandikisha Mkaza Bei. Jemadari akampa kibanda cha kona, pale wapita njia wote wanapopindia.

Jumatatu moja, fundi wa meno alikuwa ameinamia gego la nta, kisu kidogo mkononi, simu ilipolia. Akaibana kati ya sikio na bega.

"Mwanangu, uko kazini? Sikukawizi. Lile joka la barafu kule kaskazini, linauza mayai yake au linataga tu?"

"Linataga tu, Mama. Na linauma."

"Hakuna aliyewahi kulisalimia?"

"Mama, ni joka."

"Haya, nimekuuliza wewe kwanza," alisema mama mkwe. "Ukitoka kazini tufuatane. Njoo na chapeo."