Maneno ya Kumtafutia Fundi

Wivu ukishaingia ndani ya mtu haubishi hodi mara ya pili. Una ufunguo wake. Kama unabisha, kamuulize Sindano. Huyo ni fundi wa makochi, na jina hilo baba yake hakumpa kwa sababu ya kushona tu. Ulimi ndio uliompatia. Ukimpelekea kochi lililobonyea, atakwambia kwanza jinsi ulivyonenepa, ndipo aulize unataka kitambaa gani. Lakini kazi, jamani, kazi anaijua! Kona za makochi yake huwezi kuzikuta na kunyanzi hata moja, upapase kwa kucha ukitaka.

Kilichokuwa kinamla ni mdogo wake, yule mziwanda wao anayeitwa Kitinda. Wote wawili walifundishwa kazi na baba, katika karakana ileile yenye harufu ya gundi na vumbi la sponji. Kisha Kitinda akaondoka, akafungua chumba chake mtaa wa pili, na wateja wakamfuata. Wanaopita karakanani siku hizi wanaulizia njia tu: "Samahani, kwa Kitinda ni wapi?" Sindano anawaelekeza kwa kidole, midomo imebana misumari. Na afadhali imebana, maana ambayo angewajibu hayaandikiki.

Hapo bado hujasikia habari ya cherehani. Baba yao anacho cherehani kikubwa cha chuma, kile cha kushonea ngozi na turubai, na hakuna kingine kama hicho mitaa yote ile. Sasa mikono ya mzee imeanza kutetemeka, hakiwezi tena. Jioni moja, akiwa anakifuta mafuta, alisema, "Hiki sitakigawa vipande. Mvua zikiisha nitampa yule ambaye kazi yake iko hai. Cherehani kikikaa bila kazi kinakufa." Hakutaja jina. Sindano alilisikia jina.

Tangu usichana wake cherehani kile ndicho alichokuwa akikiota. Yeye ndiye aliyekitia mafuta kila asubuhi, huku Kitinda akichezea mabaki ya vitambaa chini ya meza. Leo kiende kwa Kitinda? Thubutu!

Basi roho ya kwa nini ikamkaa. Kila akitulia kidogo, mkono unakwenda kwenye simu. Anaandika: makochi ya Kitinda. Anatazama picha, anazikuza mpaka kona ionekane, na kona, hee, imekunjamana! Anacheka peke yake. Makunyanzi yote haya, wateja hawana macho? Anaandika tena: Kitinda kona zimekunjamana. Kitinda makochi mabaya. Anaandika: Kitinda fundi malalamiko, apate hata mtu mmoja aliyelalamika, moyo upoe. Hampati. Kesho yake anaandika tena, huenda kuna aliyelalamika usiku.

Na makunyanzi yale alijua yalikotoka. Kabla hajaondoka, Kitinda alimwomba, "Dada, nionyeshe unavyoshona kona. Mimi zinanishinda." Sindano akajibu bila kuinua uso, "Si una simu wewe? Kauulize mtandao." Kitinda akacheka, akadhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa.

Sasa, juu ya karakana kuna chumba cha kufundishia kompyuta, na mwenye chumba ni mwanamke mmoja mcheshi ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu. Siku moja alikuja kuulizia kiti chake, akamkuta Sindano amenuna.

"Unanuna bure, dada," akasema. "Mwenzako watu wanamkuta. Mtu akiharibikiwa na kochi siku hizi haulizi njiani, anaandika kwenye simu. Fundi ambaye ukurasa wake wa mtandaoni una maneno yaleyale aliyoyaandika mteja ndiye anayetokea juu."

"Kizuri chajiuza," Sindano akamkata. "Kibaya ndicho kinachojitembeza."

"Haya, kaa na kizuri chako humu ndani. Kitaota uyoga."

Neno likamchoma. Kesho yake akapanda ngazi, akawa mwanafunzi. Mwalimu akamtengenezea ukurasa wa karakana, akamwonyesha namna ya kuuandika mwenyewe, kisha akampa kazi ya kwanza: aandike orodha ya maneno ambayo watu huyaandika wanapotafuta fundi wa makochi. Sindano akavuta karatasi, akaandika kwa mwandiko mzuri: "Ufundi stadi wa uvishaji samani. Upigaji springi wa kitaalamu."

Mwalimu alicheka mpaka akashika meza. "Nani aandike hivyo, dada? Waziri? Mtu kochi limemmeza, makalio yako chini magoti yako juu, aandike 'uvishaji samani'?"

"Sasa ataandika nini?"

"Ndiyo kazi yako kujua. Andika neno la mwanzo kwenye sehemu ya kutafutia, usimalizie. Simu itakumalizia yenyewe. Ile inayopendekeza, mara nyingi ndiyo watu wanayotafuta. Nakili yote, kisha tutakaa tuchague pamoja. Ila kuna jambo la kuangalia..."

Hapo mwanafunzi mmoja akapiga yowe kwamba amefuta kazi yake yote, Mwalimu akakimbilia huko, na lile jambo la kuangalia halikusemwa. Sindano naye hakungoja. Alishuka na simu yake mkononi, akaketi juu ya rundo la sponji, akaandika: makochi.

Simu ikamalizia: makochi ya Kitinda. Chini yake: makochi ya Kitinda picha mpya. Damu ikamchemka. Akaandika "fundi", simu ikasema: fundi Kitinda. Lahaula! Kumbe watu wote wanamtafuta huyu mtoto! Akaandika sasa "Kitinda" lenyewe, aone ubaya mpaka mwisho wake, na simu ikamwagia: Kitinda makochi mabaya. Kitinda fundi malalamiko. Kitinda kona zimekunjamana.

Sindano alikaza macho. Kisha akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Watu wanalalamika! Si yeye peke yake aliyeona! Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtu mwingine yeyote angejiuliza mbona malalamiko hayo yanafanana na ya kwake neno kwa neno, lakini kijicho kikishakaa jichoni hakiachi nafasi ya kitu kingine.

Akanakili yote. Ile habari ya kukaa na Mwalimu wachague hakuikumbuka, au alijitia haikumbuki. Akafungua ukurasa wa karakana, akaandika: "Umesikia malalamiko kuhusu makochi ya Kitinda? Kona zimekunjamana? Watu wengi wanaulizia jambo hili. Njoo kwa fundi wa kweli." Akabonyeza. Siku hiyo alipika akiimba, na baba yake akamuuliza kama kuna harusi.

Haikupita hata wiki, Kitinda akaingia karakanani. Baba alikuwa anakunywa chai karibu na cherehani chake. Kitinda hakuketi.

"Shikamoo baba. Mteja wangu mwenye nyumba ya wageni amefuta oda yake. Makochi yote. Anasema amesoma kwamba watu wanalalamika kuhusu kazi yangu." Akamtazama Sindano. "Amesoma kwenye ukurasa wa dada yangu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Sindano?"

"Si mimi," Sindano akasema, na kweli aliamini anachosema. "Watu ndio wanaosema, mimi nimenakili tu. Simu haina udugu, baba. Tazama mwenyewe." Akaandika jina la mdogo wake mbele ya mzee, na yale maneno yakashuka yote, moja chini ya jingine. "Umeona? Nimeyatunga mimi hayo?"

Kitinda akatoa simu yake, akaiweka juu ya meza ya kukatia. "Andika humu."

Sindano akaandika. Kitinda. Simu ikapendekeza: kitindamimba maana yake. Akafuta, akaandika upya, polepole. Hakuna makochi mabaya. Hakuna malalamiko. Hakuna chochote.

"Simu inakumbuka kile ambacho mwenyewe ameiuliza," Kitinda akasema. "Hayo si ya watu, dada. Hayo umeyaandika wewe."

Mzee aliichukua simu ya Sindano, akaisogeza mbali na macho kwa sababu hakuwa na miwani, akaanza kusoma kwa sauti kama anayejifunza kusoma. "Kitinda... makochi... mabaya. Kitinda... fundi... malalamiko." Akamgeukia Sindano. "Ni wewe uliyekuwa ukiuliza haya, mwanangu?"

Sindano alitamani ardhi ipasuke immeze na misumari yake. Lakini mtu aliyefedheheka hutafuta wa kufedheheka naye. Akaidaka simu ya Kitinda juu ya meza. "Na yeye je? Tuone na yeye ananichimbua vipi! Hakuna malaika humu ndani!" Akaandika: Sindano.

Sindano za cherehani. Sindano za kushonea ngozi. Basi.

Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote. Muda wote huo analala na huyu mtu rohoni na kuamka naye, kumbe mwenyewe hana hata habari. Hajawahi kumtafuta hata siku moja! Lazima kuna kitu. Akaandika: kochi, na simu ikamwaga kama iliyokuwa ikisubiri kuulizwa. Kochi kona inashonwaje. Kochi kona isikunjamane. Kochi kona kitambaa kizito. Kochi kona bado inakunjamana.

Aliisoma ile ya mwisho mara nyingi. Bado inakunjamana.

"Ulisema nikauulize mtandao," Kitinda akasema. Hakusema kwa ukali. "Nimeuuliza, dada. Haujui."

Sindano akachukua simu yake mwenyewe, akayafuta yale maneno ya ukurasani mbele yao. Kisha akamwomba Kitinda namba ya mwenye nyumba ya wageni, akampigia palepale. "Mimi ni dada yake fundi," akasema. "Yale uliyosoma nimeyaandika mimi. Hakuna aliyelalamika. Ni wivu tu." Yule bwana akasema atafikiria, akakata.

Mzee akainuka, akaweka mkono juu ya cherehani. "Mvua hazijaisha, lakini mimi nimechoka kungoja. Kitinda, hiki ni chako. Leta watu wakibebe."

Sindano hakubisha. Alitazama wapagazi wakiingia, wakifungua skrubu za miguu, wakitemea mate viganja, na kila skrubu iliyotoka aliisikia kifuani. Kitu alichokitia mafuta tangu usichana kinaondoka kwenda kwa mtu asiyejua hata kushona kona.

"Acheni! Rudisheni skrubu hizo!"

Wote wakageuka.

"Hakitoki hapa kabla huyu hajajua kona. Sitaki niishi niambiwe cherehani cha baba yangu kinashona makunyanzi." Akavuta kigoda kwa mguu. "Njoo. Kaa. Usinitazame usoni, tazama mkono."

Kitinda akakaa. Sindano akatandaza kitambaa kizito chini ya sindano ya cherehani. "Ninyi wote mnaanzia ubavuni, mkifika konani kitambaa kimejaa, mnakivuta kwa nguvu. Usivute. Anzia konani kwenyewe, uende nje. Kisha rudi ulipoanzia, uende nje upande wa pili. Haya, shona."

Kitinda akashona. Kona ya kwanza ikakataa. Ya pili ikalala, tambarare, hata kivuli cha kunyanzi hakuna. Kitinda akaipapasa kwa kucha, akainua uso unang'aa, na palepale kijiba cha roho kikamrukia Sindano upya, kibichi kabisa. Sasa hata hili amempa! Kilichokuwa kimebaki chake peke yake, amekifundisha kwa mdomo wake mwenyewe.

"Si mbaya," akasema. "Rudia."

Cherehani kikaondoka jioni ile. Pale kiliposimama pakabaki madoa ya mafuta sakafuni, na Sindano hakuyafuta.

Alirudi kwa Mwalimu, akamsimulia yote, na Mwalimu akajipiga paji la uso. "Lile jambo la kuangalia! Nilitaka kukwambia usitumie simu yako mwenyewe." Akampa kompyuta ya darasani na karatasi mpya. Safari hii Sindano hakuandika uvishaji samani. Alikumbuka watu jinsi wanavyoingia karakanani na maneno wanayoanza nayo, akaandika: kochi limebonyea katikati. Paka amechana kochi. Kochi la zamani linapiga kelele. Mwalimu akawa anaitikia kwa kichwa, "Eee, ndiyo hayo, ndiyo hayo," mpaka Sindano akarudi juu kabisa ya karatasi, akabana mstari mmoja wa kwanza juu ya yote.

Mwalimu akausoma. "Kochi kona bado inakunjamana. Hili nalo, dada? Nani atakayeandika hivi?"

"Yupo," Sindano akasema. "Aliniuliza mimi kwanza."